Ndege Waliobaki Isamilo

Nilihamia mtaa wa Isamilo, mlimani juu ya ziwa, nikiwa mwalimu mpya na mke mpya, yote mawili katika mwaka mmoja. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya meli, Msukuma wa tambarare za pamba. Mimi natoka ng'ambo ya ziwa, Bukoba, kwenye migomba. Tulipanga vyumba vya uani katika nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi. Nyumba yenyewe ilikuwa imepachikwa mlimani katikati ya majabali, hata ukuta mmoja wa jiko letu ulikuwa jabali tupu. Wakati wa mvua jabali lile lilitoa jasho, chumvi ikaloa ndani ya kopo.

Mjane tulimwita Bibi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alishinda barazani, na pembeni yake palikuwa na tundu la waya lenye kimo cha mtu, limejaa kasuku. Hawakuwa kasuku niliowajua mimi. Wa kwetu ni wa kijivu, mkia mwekundu, anatoka msituni. Hawa walikuwa kijani kama jani changa la mgomba, mdomo mwekundu, mkia mrefu mwembamba, na madume wamezungushiwa mstari mweusi shingoni kama uzi. Marehemu mumewe ndiye aliyewaleta wa kwanza kutoka kwao Bara Hindi, wakiwa vifaranga ndani ya kikapu, na wengine wote walizaliwa mle mle tunduni.

Kwa sababu ya macho yake, Bibi kila aliposikia lango likilia aliuliza, "Nani? Nani veve?" Hakuweza kusema wewe; ulimi wake ulikataa. Kasuku mmoja mzee, dume lenye kidole kilichokatika, aliyashika maneno hayo kwa sauti ile ile ya kukwaruza. Mara nyingi nilitoka shuleni na kabla sijafika barazani nikaulizwa, "Nani? Nani veve?" nami nikajibu kwa adabu, "Ni mimi, Bibi, shikamoo," kumbe Bibi yuko ndani anakoga. Akitoka nikamweleza, alicheka mpaka akashika mlango.

Mwaka majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, nyumba ile ilikuwa miongoni mwao. Sitasema kwamba mtaa ulisikitika. Wengi walifurahi, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Aliamini kwa moyo wote kwamba nchi ilikuwa inanyooshwa. Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyembebea Bibi masanduku mpaka barabarani siku ya kuondoka.

Bibi alikuwa anakwenda Uingereza kwa mwanawe. Asubuhi hiyo aliniita barazani.

"Mwalimu, veve chukua hava ndege."

"Bibi, tutawaweka wapi? Hata sisi hatujui kama tutaachwa hapa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kule baridi. Kule havataki ndege. Mimi pia sijui kama vananitaka." Kisha akapapasa waya mpaka akapata kitasa, akafungua mlango wa tundu mwenyewe.

Hakutoka hata mmoja. Bibi alipiga makofi, akawasemesha kwa lugha yake, akagonga waya kwa fimbo. Walirudi nyuma, wakabanana kwenye kona. Mpwa wake aliyekuja kumchukua akamshika mkono akamwambia gari linangoja. Walipofika langoni, lango likalia kama kawaida yake, na kutoka nyuma, barazani, tukasikia, "Nani? Nani veve?" Bibi alisimama. Hakugeuka. Halafu mpwa wake akamvuta kidogo, wakashuka.

Kasuku walitoka polepole, siku baada ya siku, na jioni wakarudi kulala tunduni. Familia ya ofisa iliyopewa nyumba ya mbele ililigeuza tundu kuwa banda la kuku, basi wakalala kwenye mfereji wa bati. Hawakujua kuruka sawasawa. Waligonga matawi, walishuka chini wakatembea kama watu wenye viatu vipya. Mwewe wa ziwani waliwala wengine mbele ya macho yetu. Nilidhani wataisha kabla ya mvua.

Hawakuisha. Palikuwa na miarobaini mingi mlimani, nayo Wahindi ndio waliokuwa wameipanda, na matunda yake ndege wale waliyapenda sana. Walitafuta mashimo kwenye miti mizee, wakataga. Baada ya miaka michache lilikuwa kundi, linapita juu ya mapaa asubuhi likielekea Kirumba na kurudi jioni likipiga kelele za kuchana masikio. Watu waliwaita "Wahindi waliobaki". Watoto wa shule yangu waliwarushia mawe na kuwapigia kelele, "Rudini kwenu!" Niliwakataza, lakini niliwakataza kama mwalimu anavyokataza kelele darasani, bila kueleza kwa nini. Sidhani kama ningeweza kueleza.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu mwaka ule watu wa vijijini walipohamishwa kuingia vijiji vya pamoja. Mume wangu alimfuata, akarudi naye juu ya lori la mbegu za pamba. Alishuka akiwa na jembe, kigoda, na kibuyu cha samli kilichofungwa kwa kitambaa. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," akakaa juu ya kigoda chake hapo hapo uani, akayatazama majabali.

"Hapa mnalima wapi?" akauliza.

Hilo lilikuwa karibu neno lake la pekee kwa wiki nyingi. Hatukuwa na lugha ya kukutania. Mimi Kisukuma changu kilikuwa cha salamu, Kihaya hakukijua, na Kiswahili kwake kilikuwa nguo ya kuazima ambayo hakupenda kuonekana nayo. Mume wangu alinieleza kwa ufupi kwamba mama alikuwa amepata nafasi katika kijiji kipya, mahali pazuri, karibu na barabara, shule na zahanati zitajengwa. Ila kule alikuwa peke yake na alikuwa hali chakula, kwa hiyo kwa sasa atakaa nasi. Alilisema hilo haraka, kama anayesoma tangazo.

Mvua zilikuwa mbaya mwaka ule na uliofuata. Ikatangazwa kwamba kila mtu, hata wa mjini, lazima alime. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akigawa vipande vya ardhi mlimani, udongo uliokwama katikati ya mawe, kimoja kama mkeka, kingine kama chumba. Mama mkwe aliposikia jembe linatajwa alinyanyuka. Kuanzia siku ile alikuwa mtu mwingine. Alipanda mahindi na mtama kila palipokuwa na udongo, na juu ya jabali moja lililoinama akajenga dungu la miti la kuamia ndege, lenye kipaa cha nyasi. Mimi nilikwenda shuleni nikamwacha juu kule, nikarudi nikamkuta juu kule.

Mahindi yalipoanza kukaza maziwa, kasuku wakaja.

"Mkamwana!" aliniita siku ya kwanza, nami nikapanda mbio nikidhani nyoka. Alikuwa ananyoosha kidole. "Angalia ndege ile. Inakula kwa mkono!"

Kweli, kasuku alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya bua, na mguu wa pili umeshika punje, akiimenya.

"Hizi ni ndege za wapi?"

"Zililetwa, mama. Si za hapa."

"Sasa kwa nini zinakula ya hapa?"

Alikuwa na kombeo na mkono wake ulikuwa bado una shabaha, lakini hawa hawakuwa kama kwelea wanaoruka wote kwa kishindo kimoja. Hawa walihama jabali moja wakaenda la pili, wakamtazama. Ndipo alipotengeneza ulimbo. Alikata minyaa, akachemsha utomvu wake, akapaka vijiti, akavichomeka kando ya mabua. Siku zile unga tulikuwa tunaupata kwa foleni, unga wa yanga, wa njano, wenye harufu ya ghala, na wenye wadudu pia. Nyama tulikuwa tumeisahau. Kwa hiyo mama mkwe aliponyonga kasuku wa kwanza, akawanyonyoa na kuwachemsha kwa chumvi, tulikula. Nyama yao ni nyeusi na ngumu. Mume wangu alicheka, akasema, "Mama umetaifisha tena." Hata mama mkwe akacheka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa na mwanya.

Hayo yaliendelea mpaka Jumamosi moja mchana. Nilikuwa jikoni nachambua dagaa, nikasikia mama mkwe analia huko juu, sauti ya mtu aliyeona msiba. Nilimkuta amekaa chini kati ya mabua, mikono imejaa ulimbo na manyoya ya kijani. Mbele yake alilala kasuku, mabawa yameshikana. Nilimtambua kwa kidole kilichokatika.

"Imesema," mama mkwe akaniambia. "Nimeishika shingo, imeniuliza mimi ni nani."

Nikataka kumweleza, lakini kasuku akawahi. Kwa sauti dhaifu, ya Bibi kabisa, akauliza, "Nani? Nani veve?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Nikakaa karibu naye nikamsimulia yote: mama wa Kihindi, macho yake, lango, tundu, asubuhi ile. Alisikiliza bila kuondoa kanga.

"Waliiondoa ile mama?" akauliza.

"Aliondoka mwenyewe, mama. Nyumba ndiyo ilichukuliwa."

"Ni hiyo hiyo," akasema.

Alimbeba kasuku mpaka uani. Mafuta ya kupikia hatukuwa nayo, madukani hayakuwapo. Akafungua kibuyu chake cha samli, samli ya ng'ombe wa kwake aliyokuja nayo na ambayo hakuwa amemgusisha mtu, akaanza kumpaka kasuku unyoya kwa unyoya, akifuta ulimbo kwa majivu na kitambaa. Ilimchukua mpaka jua likaingia ziwani. Kisha akamweka ndani ya tenga la samaki, akaligeuza, akaweka jiwe juu.

Ndege yule aliishi siku chache. Hakula. Kila alipoona kivuli aliuliza, na mama mkwe, ambaye alikuwa ameacha kwenda dunguni, alikaa kwenye kigoda chake mbele ya tenga na kumjibu. Mwanzoni alijibu kifupi: "Ni mimi. Mama ya fundi." Lakini ndege hakuridhika na jibu, aliuliza tena. Basi akaongeza. Na kwa kuwa aliulizwa kwa Kiswahili, alijibu kwa Kiswahili, kile kile cha kuazima, na mimi niliyekaa mlangoni nikisahihisha madaftari nikasikia kwa mara ya kwanza maisha ya mtu niliyekuwa nampikia.

Alimwambia ndege kwamba yeye ni mke wa mzee mwenye ng'ombe, na mzee amelala nyuma ya zizi, chini ya mawe aliyoyapanga yeye mwenyewe. Kwamba kaya yao ilizungushiwa ua wa minyaa uliopandwa na baba mkwe wake, mrefu kupita mtu. Kwamba walikuja vijana na mtu wa "selikali", wakasema leo ni leo, wakapandisha vitu kwenye lori, na ili asirudi wakashusha paa. "Walishusha paa," alimwambia, "na ghala ilikuwa na mtama. Mvua ikanyesha usiku ile. Mimi niko kwa ile uwanja, nasikia mvua, najua inanyeshea mtama yangu." Alisema kwamba huko walikopelekwa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi tu, vimepangwa mstari, na kila mtu akaambiwa kigingi chako ni hiki. Alikaa chini kando ya kigingi chake, na mwanawe akaja kumchukua akamwambia hapa ni pazuri.

Sikujua kwamba mume wangu alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wake wa zana begani. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka mfuko chini taratibu, akatoka tena, akashuka kuelekea Kirumba, na hakurudi kula.

Asubuhi moja tuliinua tenga tukakuta ndege amekufa, amelala kifudifudi. Mama mkwe alimchimbia shimo kati ya mawe. Mtoto wa ofisa alicheka. Mume wangu akamwambia aende zake.

Tangu hapo mama mkwe hakuamia tena. Kasuku walishuka wakala mahindi yetu na mtama wetu, kisha wakaingia mashamba ya majirani. Balozi akaja kulalamika kwamba shamba letu linalea wadudu waharibifu. Mama mkwe alimjibu, "Mimi sinyongi tena ndege inayosema." Balozi akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama chini. Mkutano ukaitwa, ikaamuliwa ndege wale waangamizwe, na punje zilizotiwa sumu zikamwagwa juu ya majabali ya mlima mzima.

Nilikwenda shuleni siku ile nikipita katikati yao. Walikuwa wamelala njiani, kwenye paa, ndani ya mifereji ya maji, wengine bado wanapigapiga bawa moja. Njiwa pia, na kuku wa watu, na mbwa mmoja wa mtaani. Watoto waliokota mikia mirefu ya kijani wakaichomeka nyweleni. Kilikuwa kipindi cha kuimba, na niliimba nao, kwa kuwa ratiba ilisema tuimbe.

Mama mkwe aliokota wale waliokuwa uani akawazika. Alipomaliza alinawa, akamwambia mwanawe, "Nirudishe nyumbani."

"Kijijini?"

"Nyumbani."

"Mama, kule hakuna mtu. Ni mahame. Ukirudi kule utaondolewa tena."

"Baba yako yuko kule."

"Mama, jambo hili ni kwa faida ya watu wote."

"Watu wote ni akina nani?" aliuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kuelekezwa. "Mimi simo?"

Nilimwona mume wangu akitafuta maneno. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa ameshika maneno yale kwa miaka kama mtu anavyoshika mlingoti wa jahazi penye dhoruba, na mama yake ndiye aliyekuwa anaibandua mikono yake.

Mama mkwe aliondoka tukiwa kazini. Alichukua jembe na kigoda. Kibuyu, kikiwa kitupu, alikiacha jikoni kwangu. Mume wangu aliomba ruhusa akamfuata, kwa basi, kisha lori, kisha kwa miguu. Alimkuta mahameni. Ua wa minyaa ulikuwa bado umesimama, kuta za udongo zimelainika kwa mvua, na mama yake amejifunikia nyasi kwenye kona ya nyumba, ameshapalilia kaburi la mzee na kupanda mtama kulizunguka. Alikaa naye huko siku kadhaa. Aliniambia kwamba walizungumza sana, lakini walichozungumza hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Baadaye walikuja viongozi wa kijiji, wakiwa wapole safari hii, wakamrudisha mama kwenye kigingi chake, ambapo sasa palikuwa na nyumba. Mume wangu aliwasaidia kubeba. Alisema ingekuwa vibaya zaidi kama wangebeba peke yao.

Mama mkwe alifariki kabla ya mtama ule kuvunwa. Niliambiwa ni homa. Nilikwenda mazishini nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nikaona kijiji kwa macho yangu: nyumba zimenyooka pande mbili za barabara, zote zinatazamana, na upepo ukipita katikati bila kizuizi. Mume wangu aliomba mama yake azikwe kando ya mzee. Wazee walikubali, viongozi hawakukataa, lakini mto ulikuwa umejaa na lori halikuweza kuvuka. Tulingoja mpaka haikuwezekana kungoja. Tukamzika nyuma ya ghala la pamba, kwenye safu mpya ya makaburi, nayo pia ilikuwa imepimwa kwa kamba.

Tulihama Isamilo tukapata nyumba Ilemela, chini, karibu na ziwa. Kasuku wachache waliopona sumu walionekana kwa muda huko mlimani, kisha hawakuonekana. Mwenzangu mmoja wa shule aliapa aliwaona Mkuyuni, wawili, juu ya waya za umeme. Inawezekana.

Miaka mingi baadaye, watu walipoanza kurudi kwenye kaya zao za zamani bila mtu kuwauliza, mume wangu alikwenda kutafuta kaburi la baba yake. Alikuwa ameshastaafu karakana, magoti yamemchoka. Alirudi baada ya siku mbili, akavua viatu mlangoni, akaniambia kwamba minyaa ilikuwa imekatwa, ng'ombe wa watu wengine wanalishwa hapo, na mawe yote ya pale yanafanana.

Nikamuuliza kama atakula. Akasema atakula baadaye.